Mimi, Mkwe Wangu na Difu ya Gari la Sista

Nyie mnaoshika spana leo, na nyie mtakaokuja kuzishika mimi nikiwa sipo, haya nimeyaandika kwa mkono wangu kwenye daftari la binti yangu Sesilia. Shule niliishia darasa la nne. Msinitafutie makosa ya herufi. Tafuteni makosa ya kazi, hayo yapo na nimeyaweka wazi kabisa. Sitawaambia nilianza na kiasi gani wala nilimaliza na kiasi gani, maana hayo hayafungui nati. Magoti yamekataa kushuka shimoni, ndiyo maana nimekaa hapa Misunkumilo naangalia mahindi yakikua, na nina muda wa kuandika. Ningekuwa na magoti msingeona barua hii.

Mimi ni Mkonongo wa Inyonga. Baba yangu alikuwa mtu wa mizinga, na kitu cha kwanza nilichojifunza kukaza maishani kilikuwa kamba ya mzinga juu ya mti, siyo bolti. Mpanda nilikuja kwa kuolewa. Baba Sesilia alikuwa mwashi. Alipofariki aliniachia mtoto mmoja mgongoni na mfuko wa vifaa, nami vifaa niliuza vyote isipokuwa timazi yake, lile kokwa la risasi linaloning'inia kwenye uzi kuonyesha ukuta kama umesimama wima. Sikujua ni ya nini kwangu. Niliona tu ni nzito na nzuri mkononi.

Nikawa nauza chai na maandazi kwenye gereji moja karibu na stesheni. Fundi mkuu pale alikuwa Mzee Rajabu, mtu wa Tabora, mwenye sauti ya kukwaruza na mikono mikubwa kama mapauro. Siku moja yuko chini ya lori anaita, "Kumi na saba! Nileteeni kumi na saba!" na hakuna mtu. Nikaweka birika chini, nikachukua spana, nikampa.

Akatoa kichwa. "Nani kakwambia hii ndiyo kumi na saba?"

"Nimeiona kila siku, mzee. Ndiyo unayoitukana."

Akacheka mpaka akajigonga. "Kesho njoo," akasema, "na maandazi acha nyumbani."

Siku ya kwanza niliosha nati kwa dizeli kuanzia asubuhi hadi jua linatua. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu akanifunga macho kwa kitenge changu mwenyewe, akawa ananipa nati moja moja mkononi niseme namba yake. Nilipokosea alinirudishia bila neno. Alitaka mkono ujue kabla jicho halijaingilia, maana chini ya gari sehemu nyingi jicho halifiki. Hilo limenisaidia sana, na mtaona mbele kwamba limeniponza pia.

Wenye magari walikuwa na maneno. Mmoja alinikuta nimelala chini ya gari lake, miguu nje, akamuuliza Mzee Rajabu, "Sasa huyu mama akikosea kufunga breki nitamdai nani?" Nikamjibu kutoka chini huko huko: "Hutamdai mtu, utakuwa mtoni." Hakuuliza tena, na gari lake nililifunga vizuri.

Jambo kubwa nililopewa na yule mzee lilikuwa hili. Alikuwa anapima kabla, halafu anapima akimaliza, hata kama ni kitu kidogo, hata kama mwenye gari amesimama anapiga honi. Mimi nilimwona kama mzee anayechelewesha kazi. Akaniambia, "Kupima kabla ni kwa ajili yako wewe, ujue unafanya nini. Kupima ukimaliza ni kwa ajili ya mwenye gari." Nikaitikia. Kuitikia ni rahisi.

Kesi iliyonifungua macho ilitoka Mishamo. Pikapu ya kubeba maharage, imebadilishwa tairi mara tatu, zote zinalika upande mmoja. Mafundi wawili walishaichezea usukani. Mzee Rajabu hakugusa usukani. Alivuta kamba kutoka tairi la mbele hadi la nyuma, kulia, kisha kushoto, akaniambia nitazame. Kushoto kamba iligusa tairi sawasawa. Kulia ilipishana nayo kidole kizima. Bolti ya katikati ya springi ilikuwa imekatika, ekseli imerudi nyuma upande mmoja, na gari zima lilikuwa linatembea kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja. Usukani wa watu haukuwa na kosa lolote. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikaitafuta timazi ya marehemu, nikaileta gereji, na haikutoka tena. Kamba, timazi, chaki na tepu. Mkiwa na hivyo vinne na adabu, ekseli yoyote mtaijua imekaa wapi.

Macho ya Mzee Rajabu yalipoanza kufa alirudi Tabora kwa watoto wake, akaniachia gereji na shimo lake. Shimo mnalijua: refu kama kaburi la watu wawili, gari linapita juu, fundi anasimama ndani. Nilifanya kazi humo miaka mingi na mafundi wengi. Nitamtaja mmoja tu.

Masanja alikuja kwangu akiwa kijana wa Kisukuma mwenye maneno machache, na tayari ana mkono. Huyo nilimfundisha kila kitu. Tulikuwa tunashuka shimoni pamoja, tunagombea taa, namtukana, ananijibu. "Mama, unaniwekea giza!" "Giza unalo kichwani, sogea!" Ndivyo tulivyofanya kazi, na magari yalitoka mazima.

Halafu akamtaka Sesilia.

Sikuwa na la kukataa, kijana mzuri, mchapakazi. Wazee wa pande mbili wakakaa, mahari ikapokelewa. Na hapo ndipo niliposhikwa. Maana kwetu Wakonongo na kwao Wasukuma, mkwe wa kiume na mama mkwe wanaogopana. Hampeani mkono. Hamli pamoja. Hamtazamani usoni, hamtajani majina, na mkikutana njia nyembamba yeye anaingia majanini mpaka upite. Ni heshima, na mimi heshima naipenda. Lakini jumamosi tulikuwa tunashika spana moja, jumatatu hatuwezi kushika spana moja. Nilipata mkwe, nikapoteza fundi, na wote wawili walikuwa mtu yule yule, yuko hatua tatu kutoka kwangu.

Basi tukaweka utaratibu. Shimoni tunaingia kwa zamu. Akishuka yeye, mimi niko dukani kwa mbele ambako Sesilia anauza vipuri. Akimaliza, anapanda, anafuta mikono, anazunguka nyuma ya gereji ili mimi nipite. Tukiwa na la kuambiana, Sesilia anasimama katikati.

"Mwambie mwenzako nati ya kushoto imeliwa."

"Baba Rehema, Mama anasema nati ya kushoto imeliwa."

"Mwambie Mama nimeiona."

"Mama, anasema ameiona."

Na wote tumesikiana tangu mwanzo. Kasiani, Mfipa mmoja mchomeleaji ambaye karakana yake imepakana na yetu, alikuwa anakuja na kigoda chake kutusikiliza. "Gereji hii ina mafundi wawili na mdomo mmoja," akasema, "tena mdomo wenyewe unauza plagi." Sesilia mwenyewe siku moja alichoka. "Mama, mimi ni mke wa mtu au ni redio?" Nikamwambia redio haina mdomo mrefu hivyo.

Kilichonisaidia ni kwamba Masanja alinihurumia magoti. Kabla sijashuka, alikuwa ananilegezea nati zote ngumu, nikifika mimi nazungusha tu. Hakuna aliyemtuma. Nilikuta zimelegea, nikajua ni yeye. Shikeni hilo, ndipo kisa kinapoanzia.

Kulikuwa na sista mmoja anaitwa Sista Veneranda, wa zahanati ya huko bonde la Wapimbwe kwenye mpunga. Anaendesha mwenyewe, gauni kakunja, viatu vya mvua. Gari lake ni fobaifo la zamani lenye springi za kuzunguka nyuma, na kazi yake ni kuleta kina mama wenye uchungu mgumu hospitali ya Mpanda. Masika yakianza, gari lilikuwa linakalia tumbo kwenye tope. Akaja kwangu: "Mama Sesi, lirefushe miguu." Tukalinyanyua. Springi ndefu mbele na nyuma, shokapu ndefu, tairi nene. Likasimama kama twiga, Sista akafurahi, akaondoka.

Baada ya wiki mbili akarudi.

"Mama Sesi, umenipa miguu mirefu lakini kiuno kimekwenda kulia. Nikitazama nyuma kwenye tope naona nyayo za magari mawili, na nimepita peke yangu."

Sikushangaa, na nyie msishangae. Difu ya nyuma ya gari la namna ile, yaani ekseli nzima yenye gia inayobeba tairi zote mbili, inashikwa isiende kulia wala kushoto na rodi moja ndefu iliyokingama. Upande wa kulia rodi imefungwa kwenye chasisi, upande wa kushoto imefungwa kwenye difu. Ukinyanyua gari, chasisi inapanda, rodi inasimama zaidi, na kwa kuwa urefu wake ni ule ule, inaivuta difu kuifuata. Hapo dawa ni kurefusha rodi. Kasiani aliikata katikati, akachomelea kipande cha trekta bovu chenye meno ya kulia upande huu na ya kushoto upande ule, ukikizungusha huku rodi inarefuka, ukikizungusha kule inafupika, bila kuifungua kwenye gari. Na nati ya kukifunga kisizunguke chenyewe barabarani. Kazi safi. Mfipa ana maneno mengi lakini mshono wake hauvuji.

Asubuhi nikapima. Nafasi kati ya tairi na chasisi, kushoto na kulia, zilipishana sentimita tatu. Andikeni hili: ukikuta tofauti ya tatu, husogezi tatu. Unasogeza moja na nusu, maana upande huu ukiongezeka ule unapungua. Nikaandika kwa chaki juu ya tairi: moja na nusu, kwenda kushoto. Nikaenda dukani.

Masanja akasoma chaki, akashuka, akafanya kazi yake, akapanda, akafuta mikono, akazunguka nyuma. Hakusema kitu, na nani angemtarajia aseme? Nami nikashuka kwa zamu yangu. Nikapapasa nati, nikaikuta imelegea. Nikasema moyoni, ahsante mkwe wangu, umenilegezea. Nikazungusha rodi, moja na nusu, kwa mkono, sikuhitaji taa. Nikakaza nati. Sista alikuwa ameshawasha gari, ana mgonjwa wa kumrudisha kijijini. Sikupima tena. Nilishapima asubuhi, kwa nini nipime?

Sista akarudi siku ya tano, na safari hii hakutania.

"Harufu ya mpira, Mama Sesi. Nimeisikia tangu mlimani, na nyuma nina mama amelala. Nimesimama, nimetazama, tairi la kulia linasugua kwa ndani. Nyuzi zimeanza kuonekana. Ningeendelea lingepasuka, na kwenye ule mteremko unajua mwenyewe."

Nilitazama. Difu sasa ilikuwa imekwenda kushoto. Nikamwita Sesilia, nikasema kwa sauti ya kusikika nyuma ya gereji: "Mwambie mwenzako nimeandika moja na nusu, siyo tatu. Kama hesabu ni ngumu aseme."

Sesilia akamtazama mumewe. Masanja akatazama chini. Mkwe hamjibu mama mkwe wake, hata akionewa. Mimi nilijua hivyo, nikaendelea kusema tu.

"Arudishe moja na nusu. Na nati asikaze, aiache, nitakaza mwenyewe nione."

Nikapima, nikaandika chaki. Akashuka, akapanda, akazunguka nyuma. Nami nikashuka. Hapo nisikieni vizuri. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na hakika kwamba kijana amechoka na kazi, kichwa kiko kwa Rehema, mtoto wao mchanga. Nikapapasa nati, imelegea, nikasema hajagusa kitu, nafanya mwenyewe. Nikarudisha moja na nusu kwa mkono wangu, nikakaza kwa nguvu zangu zote, nikapanda. Sikupima. Miaka yote ya kufundishwa na Mzee Rajabu, na sikupima.

Nyie mmeshaona. Mimi sikuwa nimeona.

Gari lilirudi mara ya tatu, difu imehamia kulia kama mwanzo. Sista hakuzima hata injini. "Mama Sesi, kesho asubuhi nina mama wa mapacha Mpimbwe. Kama gari hili haliwezi kunyooka niambie sasa hivi, nikatafute la kuazima. Sitambeba mtu kwenye gari ninalolitilia shaka."

Wateja wengine walikuwepo, wanasikia. Nilimwambia Sesilia, mbele ya watu wote, "Mwambie mwenzako akusanye spana zake. Kuna kazi ya kulima kwao, akalime. Fundi anayekosea mara mbili mahali pamoja siyo fundi."

Sesilia hakupeleka neno. Hakuhitaji. Masanja alikuwa pale kwenye mlango wa nyuma. Akachukua kile kisanduku chake cha bati, akaanza kupanga spana moja moja kwa namba, kubwa chini, ndogo juu, kama nilivyomfundisha. Fundi aliyefukuzwa gereji ya mama mkwe wake, Mpanda hii nani mwingine angempa gari? Nilijua ninachofanya. Nilikuwa nafunga mkono wa mtu.

Nikashuka shimoni peke yangu. Na kwa sababu nilitaka kumwonyesha Sista kosa liko wapi, safari hii nikachukua taa.

Kwenye meno ya rodi kulikuwa na alama ya rangi. Nukta ya njano, mahali nati inapotakiwa kukaa. Hiyo ni tabia niliyomfundisha Masanja mwenyewe tangu siku za kwanza: ukirekebisha kitu, weka rangi, ili kikihama ujue. Nikasogeza taa. Rangi ilikuwa tabaka mbili. Ya chini imekauka na vumbi juu yake, ya juu bado mbichi kiasi, na zote mbili ziko mahali pamoja, jino lile lile. Mara ya kwanza aliacha pale. Mara ya pili aliacha pale pale.

Na nati haikuwa pale. Ilikuwa imepita alama. Nikahesabu meno kwa ukucha. Yalitimiza sentimita moja na nusu yangu, hakuna zaidi wala pungufu.

Nilisimama shimoni nikaelewa kila kitu kwa mpigo. Mara zote mbili kijana aliiweka difu katikati, akaniachia nati wazi nipime na kukaza, kwa heshima, maana mimi ndiye mkubwa. Na mimi mara zote mbili nimeshuka, nimeikuta nati imelegea, nikadhani kazi bado, nikaifanya mara ya pili juu ya kazi iliyokwisha. Rangi ilikuwa pale siku zote. Nilikuwa napapasa tu, najivunia mkono.

Nikaita. "Masanja!"

Jina lake sikuwa nimelitamka tangu mahari. Kasiani akazima mashine yake. Sesilia akaja na mkono mdomoni.

"Mama, unataka nimwambie nini?"

"Wewe usimwambie kitu. Masanja, njoo shimoni."

Nikaona viatu vyake juu ya ukingo. Akasema huku kageukia ukuta, "Mayu," maana kwao na kwetu mama ni mayu, "siwezi kushuka. Wewe uko humo."

"Hata mimi siwezi. Shuka."

Kasiani akasema, "Shuka, bwana. Mimi nitafumba macho." Hakufumba.

Akashuka. Akasimama upande wa kushoto, kichwa kainamisha mpaka kidevu kinagusa ovaroli. Mimi kulia. Kati yetu ile difu. Nikamwambia Sista apande kwenye kiti chake, na Kasiani na wateja wawili wakae nyuma, na gunia la mchele liingie pia, maana gari hupimwa likiwa limebeba kama linavyobeba njiani na limesimama kwa miguu yake, siyo likining'inia kwenye jeki. Nikampa Masanja ncha ya kamba. Nikashika ncha nyingine. Tukaning'iniza timazi ya baba Sesilia kutoka kwenye chasisi, kulia, kisha kushoto.

"Kushoto ngapi?" nikamuuliza. Mimi, yeye, moja kwa moja.

Akapima, akataja.

"Na mimi kulia nimepata hivi." Nikataja. "Alama yako ya rangi nimeiona. Zote mbili. Aliyeharibu ni mimi."

Kidevu chake kilitoka kwenye ovaroli. Huko juu nikasikia Sesilia anavuta pumzi, na Sista anasema taratibu, "Bikira Maria," kama mtu aliyeona nyoka akiondoka.

Nikaanza kuzungusha rodi kuirudisha kwenye alama, yeye anamulika taa. Jino la kwanza. La pili. La tatu. Nati ikafika kwenye rangi. Na mkono wangu, kwa mazoea ya mkono, ukataka kuongeza kidogo tu, robo, kwa hakika zaidi.

"Mayu, acha."

Aliniambia hivyo, na alinitazama usoni akiniambia. Mkwe wangu, shimoni, amenipa amri. Miaka yote ya gereji hakuna mtu aliyewahi kuniambia acha, isipokuwa Mzee Rajabu.

Nikaacha.

Akakaza nati yeye. Tukapima tena, kushoto na kulia, timazi ile ile, kamba ile ile. Sawa kwa sawa. Nikamwambia apime mara nyingine, akapima. Kisha Sista akalitoa gari, akalizungusha kwenye tope la nje na kurudi, na sote tukatoka kutazama nyayo. Tairi la nyuma lilikuwa limekanyaga juu ya la mbele kama limechorwa. Sista alichungulia dirishani. "Sasa limekuwa gari moja," akasema, akaondoka kwa mama wa mapacha. Watoto wote wawili walizaliwa salama, mmoja jina lake mtalibahatisha wenyewe.

Wateja walewale waliosikia nikimfukuza niliwaambia waje karibu, nikawaeleza kosa lilikuwa la nani. Nilisema kwa sauti ile ile niliyomfukuzia. Nanyi mkikosea mbele ya watu, msiende kuomba radhi jikoni.

Shemeji zangu walinijia baadaye, wakanisema kwamba nimevunja mila. Niliwasikiliza. Masanja alileta kuku na kitenge kama inavyotakiwa kuondoa ile haya, wazee wakala, wakaridhika, wakaondoka. Lakini hiyo ilikuwa wiki mbili mbele. Nyumbani kwangu mambo yalibadilika siku ile ile, wakati wa chakula cha mchana. Ugali umeiva, Sesilia amekwishachukua sahani ya mumewe anataka kuipeleka nyuma ya nyumba kama siku zote, na wote wapo, na Masanja yupo mlangoni hajui aingie au arudi.

Nikasema: "Sesilia, weka hiyo sahani hapa. Kuanzia leo maneno ya kazi hubebi tena, kila mtu ana mdomo wake. Barabarani na msibani heshima ibaki kama ilivyo. Lakini shimoni hakuna mkwe, kuna fundi, na Masanja akisema acha, wote tunaacha, hata mimi. Masanja, kaa. Nawa mikono, ule, uniambie hiyo nati umeikaza kwa spana namba ngapi."